Wakala wa ajira mjini Mombasa: haraka wanayo, haki bado

Nyota mbili kati ya tano. Hizo mbili wamezistahili: simu wanapokea, na ada ya kujisajili ya shilingi 1,000 niliyolipa ilikatiwa risiti papo hapo. Jina la ofisi naliacha.

Mimi ni karani wa forodha. Naandaa nyaraka za kutolea makontena bandari ya Kilindini, na kazi hiyo nimeifanyia Shimanzi kwa miaka. Nikaomba nafasi ya kazi hiyo hiyo. Fomu ikaniuliza: umeolewa? Una watoto wangapi? Mdogo ana umri gani? Kijana wa kiume niliyeketi naye alikuwa na fomu kama yangu, ila yeye aliambiwa sehemu hiyo aiache wazi.

Binti wa mapokezi, mwenye adabu sana, hakunificha. "Dada, wenye kampuni ndio wanaoagiza. Wengi wa bandarini wanataka mwanamume." Shina la mambo ni hapo. Anayemlipa wakala ni mwajiri, basi agizo halipingwi. Naye mwajiri ana hesabu zake: Sheria ya Ajira ya 2007 inampa mama likizo ya uzazi ya miezi 3 kwa mshahara kamili, baba wiki 2, na mshahara huo wa likizo unatoka mfukoni mwa mwajiri. Kwa hiyo mwanamke kijana anapimwa kwa mimba ambayo hata hana, ujuzi wake haujaulizwa.

Sababu ya pili waliyonipa ni zamu za usiku, eti nitarudije nyumbani Likoni, ng'ambo ya feri. Hakuna aliyeniuliza mimi. Wauguzi wetu wanavuka feri kwenda zamu za usiku kila siku, na sijasikia hospitali ikiwanyima kazi kwa kuwahurumia.

Mwishowe nikapewa nafasi ya mapokezi hotelini Nyali, kwa mshahara mdogo kuliko niliokuwa nikipata. Nimekataa.

Dada zangu mnaokwenda huko, pigeni picha fomu kabla ya kuirudisha. Kifungu cha 5 cha sheria hiyo hiyo kinakataza ubaguzi wa jinsia, ujauzito au ndoa hata kwa anayeomba kazi tu, na kesi ikifika mahakamani, ni juu ya mwajiri kuthibitisha kwamba hakubagua.

Na mwenye ofisi, ukisoma haya: yatoe maswali hayo matatu ya ndoa na watoto, na karatasi zetu za maombi zipeleke kwa waajiri bila jina wala jinsia hadi siku ya mahojiano. Ukifanya hivyo, nitakuja kujisajili tena.