TAHADHARI WENYE MAGARI YA ZAMANI MALINDI: hizi "betri kavu" ni mitumba iliyooshwa

Jamani, sambazeni hii kabla mtu mwingine hajaliwa pesa zake. Yule muuzaji wa betri aliyeanza kusifiwa mji mzima, yule wa "betri kavu za kiasili" za magari ya zamani (zile zinazotoka kiwandani bila asidi, hutiwa wakati wa kuuzwa), ni tapeli. Jina lake hatuliandiki kwa sababu suala linapelekwa mbele, na duka mnalijua. Kama umeshatoa arbuni, zuia salio. Kama betri yake imeshafungwa garini, itoe leo, waya wa ethi (ule uliofungwa kwenye bodi ya gari) uanze kutoka, na usiipige chaji kabla hujasoma hii mpaka chini.

Betri yenyewe ni ya ile Land Rover ya Mzee. Hakuna haja ya kueleza Mzee gani wala gari gani. Aliyelipa ni yeye, lakini gereji yetu nzima ilikuwepo dukani, na gereji nzima imefedheheka.

Tuwaelezee ilivyokuwa. Betri ilikuwa mezani, ganda jeusi la mpira mgumu, juu imemiminiwa lami kama zilivyokuwa betri za zamani, vizibo sita pembeni ndani ya bakuli, na kila tundu limezibwa kwa utepe wa rangi ya fedha. Jamaa akapitisha kidole juu ya tepe zile moja baada ya nyingine. "Mzee wangu, hii haijaona hewa tangu itoke kiwandani." Akavaa miwani ya kukinga macho. Akavaa glavu za mpira mpaka karibu na viwiko. Akaweka ndoo ya maji miguuni na bakuli la magadi soda pembeni. Akabandua utepe wa kwanza, akachomeka faneli ya plastiki, akamimina asidi kutoka dumu la lita tano, pole pole, tone halikuanguka mezani. Seli ya kwanza, ya pili, mpaka ya sita. Akafunga vizibo pale pale, akachukua multimita, akagusa vichwa: volti 12.9. Akaigeuza Mzee aone. "Haijaguswa na chaja, na ona nguvu hiyo." Pesa zikahesabiwa. Dumu lilibaki na zaidi ya theluthi ya asidi, akamkabidhi Mzee aende nalo nyumbani: "Maji yakipungua, ongeza hii hii."

Na msituulize kwa nini tulimwamini. Mtu huyu ndiye aliyeuliza mwenyewe, kabla hajaambiwa, kama gari ni ethi chanya au ethi hasi, yaani kichwa kipi cha betri kinafungwa kwenye bodi. Nani mwingine hapa mjini anayeuliza hivyo? Land Rover nyingi za mpaka katikati ya miaka ya 1960 zilitoka Uingereza zikiwa ethi chanya, na wauzaji wengi hufunga tu ethi hasi kama Probox za siku hizi, dainamo na rigyuleta zikaharibika. Yeye alijua. Vipimo vya ganda vilikuwa sawasawa na sinia ya kukalia betri garini. Alivaa kinga, jambo ambalo hata mafundi wetu wengine wanalipuuza. Mtu anayetaka kukuibia hafanyi kazi safi namna ile, ndivyo kila mmoja angefikiri.

Gari liliwaka siku hiyo kwa mguso mmoja. Halikumaliza hata msimu. Starta ikaanza kuburuta asubuhi, halafu ikawa inalia tak tak tu, na seli mbili za katikati zikawa zinachemka kwenye chaja wakati zile nyingine zimepoa.

Sasa mjue betri kavu ya kweli inavyokuwa, maana bila hilo hamtaelewa alichofanya. Kiwandani plati, yaani bamba za madini ya risasi zilizo ndani ya betri, huchajishwa kabisa, kisha hukaushwa bila kuguswa na hewa. Plati chanya huwa rangi ya chokoleti, plati hasi rangi ya kijivu cha risasi. Seli huzibwa ili unyevu usiingie, kwa sababu plati hasi ikikutana na hewa yenye unyevu huoza taratibu na chaji yake hupotea. Kwa hewa yetu ya pwani, utepe ukishabanduliwa asidi imiminwe saa hiyo hiyo, isiachwe mpaka kesho.

Asidi hununuliwa ikiwa tayari imeshachanganywa, na kipimo cha ukali wake (uzito wake ukilinganishwa na maji) ni kile kilichoandikwa kwenye betri. Nchi za baridi huwa 1.260 hadi 1.280. Kwa nchi za joto watengenezaji wengi hukiteremsha hadi karibu 1.240, kwa sababu asidi kali ndani ya joto hula wavu wa risasi unaoshika plati. Usichanganye asidi kali nyumbani. Ikibidi kabisa, asidi ndiyo inayomiminwa ndani ya maji, kidogo kidogo, kwenye chombo cha plastiki kinachostahimili joto au cha kioo. Ukimwaga maji juu ya asidi kali yanachemka papo hapo na kukurukia usoni. Asidi ikiingia jichoni, ni maji safi yanayotiririka kwa dakika 15 au zaidi, kisha hospitali. Magadi hayaendi jichoni kamwe. Magadi ni ya sakafu, sinia na nguo, gramu 100 hivi kwa lita moja ya maji.

Betri na asidi zote ziwe zimepoa, zisiwe zimetoka juani. Unajaza kila seli mpaka plati zifunikwe tu, halafu unasubiri dakika 20, vizibo vikiwa wazi. Hapa ndipo penyewe. Plati kavu hunywa. Betri inaanza kupata uvuguvugu kidogo, mapovu yanapanda, na kiwango kinashuka mbele ya macho yako. Unaitikisa polepole hewa itoke, kisha unaongeza asidi ile ile mpaka ipite plati kwa milimita 10 hivi, au ifike kwenye alama. Usijaze mpaka shingoni: ikichajishwa hupanda, ikimwagika inakula sinia na chasisi chini yake. Betri ya ukubwa wa ile ya Mzee hunywa lita nne au zaidi. Baada ya hapo, maisha yake yote, haiongezwi asidi tena, ni maji yaliyokenekwa peke yake, kwa sababu kinachopotea ni maji. Na maji ya kisima ya hapa Malindi, hata yawe matamu vipi kwa chai, yana chumvi, na chumvi inatafuna risasi.

Kisha unapima joto, ukali wa asidi kwa haidromita, na volti. Joto likipanda zaidi ya nyuzi 6, au haidromita ikishuka zaidi ya 0.010 kutoka ile uliyomimina, plati zilishaingia hewa na betri inahitaji chaji kamili. Volti zikiwa chini ya 12 usiifunge garini. Zikiwa karibu na 10, kuna seli iliyokufa, irudishe. Hata ikiwa nzuri, ipe chaji ndogo kwanza: betri ya Ah 60 (ampea-saa, yaani ujazo wa chaji) ipate ampea 3 hadi 6, mpaka haidromita isome sawa seli zote mara tatu, saa moja moja baina ya kipimo na kipimo. Ikifika nyuzi 45 punguza, 50 zima. Vizibo wazi, dirisha wazi, sigara mbali, na chaja izimwe ukutani kabla hujagusa klipu, maana gesi ya haidrojeni inayotoka kwenye betri ikifika asilimia 4 tu ya hewa ya chumba, cheche moja inatosha kuipasua betri usoni mwako.

Rudini sasa kwenye ile 12.9. Volti ya seli iliyotulia ni karibu sawa na kipimo cha asidi ukikiongezea 0.84. Asidi ya 1.280 inakupa 2.12 kwa seli, mara sita ni 12.7. Ya 1.240 inakupa 12.5 hivi, na hiyo ni betri iliyojaa kabisa kwa hali ya hewa yetu. Kupata 12.9 kwenye betri isiyoguswa na chaja, asidi lazima iwe 1.310. Tumepima ile iliyobaki kwenye dumu la Mzee: 1.330! Ile namba aliyoigeuza kwa fahari ndiyo ushahidi wa wizi wake. Asidi kali inaifufua betri iliyochoka kwa muda, starta inazunguka vizuri, mteja anaondoka anafurahi, na huku ndani plati zinaliwa. Na akampa mzee wa watu aendelee kuiongezea mwenyewe nyumbani!

Tuliimwaga asidi yote, tukatoboa lami, tukainua seli moja ya katikati. Chini kabisa kulikuwa na tope la kahawia lililopanda mpaka kwenye ncha za plati. Hilo ni unga wa plati uliopukutika kwa miaka ya kazi, haupatikani kwenye betri mpya, na likigusa chanya na hasi kwa pamoja seli inajipiga shoti yenyewe. Plati chanya zimevimba na kupinda, moja imekatika ukibonyeza kwa kidole. Plati hasi zina madoa meupe ya salfeti. Upande wa ganda, pale panapopigwa mhuri wa tarehe, pamepigwa msasa na kupakwa rangi ya viatu. Hii ni betri ya mtu mwingine iliyotupwa, ikachajishwa usiku, ikamwagwa asidi asubuhi, ikasuuzwa, ikazibwa utepe.

Mtu kama huyu hafai kuachwa kwenye biashara. Aanikwe! Sheria ya Kulinda Watumiaji ya mwaka 2012 ipo, KEBS ya viwango ipo, polisi wapo, na kuuza kitu kilichotumika kwa jina la kipya ni udanganyifu, si "biashara ina mambo yake" kama alivyotujibu kwenye simu. Na kuna jambo baya kuliko pesa za Mzee. Zile asidi na tope la risasi anazoosha usiku anazimwaga wapi? Nyuma ya duka, kwenye mchanga, mahali watoto wanacheza na visima haviko mbali. Mombasa hapa jirani, Owino Uhuru, watu waliumwa na sumu ya risasi iliyotoka kwenye kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu, mpaka mahakama mwaka 2020 ikaamuru walipwe shilingi bilioni 1.3. Risasi ikiingia mwilini mwa mtoto inaharibu ubongo wake. NEMA wa mazingira waje wachimbe mchanga wa pale wapime. Afungiwe duka, arudishe pesa za kila mtu, asafishe kwa gharama yake.

Mnaouliza mtamjuaje yeye au wenzake, shikeni haya. Mulikeni tochi ndani ya tundu kabla ya asidi: betri kavu ni kavu kabisa, ile ya Mzee ilikuwa na ung'aavu wa maji kwenye karatasi za katikati ya plati. Kiwango kisiposhuka baada ya kumimina, plati zilikuwa zimeshalowa. Ndiyo maana dumu lilibaki na asidi nyingi vile. Tazameni vichwa: chanya huwa kinene kuliko hasi, milimita 19.5 kwa 17.9 kwenye betri nyingi za vichwa vya mviringo, na vyake vyote viwili vilikuwa sawa kwa sababu vimeyeyushwa risasi na kupigwa tupa upya. Utepe wake ni karatasi ya kufungia chakula. Muuzaji asiye na haidromita mezani, au anayekataa uisubiri zile dakika 20, muache hapo hapo. Na asikuhadae na uzito: betri kavu ikishamiminiwa lita nne inaongezeka kilo tano, ipimwe kabla na baada.

Waliokwisha kununua kwake: msiwape watoto waichezee, msiimwage wenyewe, na ile asidi ya dumu msiitumie hata tone. Ileteni betri gereji kama ilivyo, ikiwa imesimama wima ndani ya karai la plastiki, tutaipima bure. Tunakusanya risiti na picha za ubavu wa ganda pale alipopiga msasa. Hata kama hukupewa risiti, ujumbe wa M-Pesa unatosha, usiufute.