Euro 320 za kukagua uhalisi wa Moto Guzzi 850 Le Mans

Kabla sijatoa hata senti moja ya kununulia Moto Guzzi 850 Le Mans ya mwaka 1977, nilimlipa euro 320 fundi mmoja mstaafu wa pande za Ziwa Como, Italia, ili anikagulie kama pikipiki ile ndiyo yenyewe, au ni pikipiki nyingine iliyovishwa nguo zake. Ninayoitathmini hapa ni huduma hiyo ya ukaguzi, ingawa haiwezekani kuieleza bila kuichambua pikipiki kipande kwa kipande. Jina la fundi silitaji kwa kuwa mwenyewe aliomba hivyo; hii si biashara yake ya kila siku, na hataki simu imlie asubuhi na jioni. La muuzaji pia silitaji, na sababu itaonekana mbele.

Asiyeijua Le Mans atauliza kwa nini mtu aingie gharama hiyo. Pikipiki hii ilionyeshwa kwa mara ya kwanza katika maonyesho ya Milano mwishoni mwa 1975, ikaingia madukani 1976, na toleo lake la kwanza likaendelea kutengenezwa hadi 1978 katika kiwanda cha Guzzi kilichopo Mandello del Lario. Fremu yake ni ile aliyoibuni mhandisi Lino Tonti kwa ajili ya pikipiki ya Guzzi ya V7 Sport ya mwaka 1971, na injini yake, yenye silinda mbili zilizochomoza kulia na kushoto, ina ujazo wa sentimita za ujazo 844, kipenyo cha silinda milimita 83 na mwendo wa pistoni milimita 78. Hapo ndipo penye mtego, kwa sababu fremu ya namna hiyo hiyo na vipimo hivyo hivyo utavikuta kwenye 850 T3, pikipiki ya safari ya kampuni hiyo hiyo, ambayo leo huuzwa kwa bei ya chini sana. Mwenye T3 akipata tangi, kiti, kikinga upepo kidogo cha kuzunguka taa ya mbele na usukani wa vipande viwili, anaweza kuigeuza ikaonekana Le Mans mbele ya macho ya mtu kama mimi, na bei ikapanda hadi ya kununulia gari dogo jipya. Tofauti zenye uzito zimejificha ndani: valvu za Le Mans ni milimita 44 za kuingiza na 37 za kutoa, ilhali za T3 ni 41 na 36, mgandamizo wake ni 10.2 kwa 1 badala ya 9.5, na kabureta zake ni Dell'Orto za milimita 36 zilizo wazi mdomoni, badala ya zile za milimita 30 zinazopumua kupitia chujio.

Mzee hakuanza na pikipiki. Aliomba karatasi, akavaa miwani, akaketi kwenye kigoda ndani ya gereji ya muuzaji na kusoma kwa karibu nusu saa, huku mwenye mali akizunguka-zunguka na kutaja jinsi injini inavyowaka kwa mguso mmoja. Nilikuwa nimeelekezwa mapema niombe ile orodha ya wamiliki wote kwa mfuatano wa tarehe, ambayo Waitaliano huiita estratto cronologico na ambayo hutolewa kutoka daftari la umma la magari, PRA. Mzee aliilinganisha na kadi ya usajili mstari kwa mstari. Alinieleza jambo ambalo sikulijua: kadi ya Italia ya miaka ile huandika namba ya fremu na aina ya injini, lakini haiandiki namba ya injini yenyewe, kwa hiyo injini ikibadilishwa karatasi hazisemi kitu. Isitoshe, kwenye Guzzi za wakati huo namba ya fremu na ya injini hazikupangwa zifanane. Muuzaji anayejisifu kwamba namba zake zinalingana ama haijui pikipiki anayoiuza, ama anadhani wewe ndiye huijui.

Kinachotazamwa kwanza ni herufi zinazotangulia namba. Le Mans huanza na VE, na T3 huanza na VD, kwenye fremu na kwenye kasha la injini vilevile. Ukikuta VE juu ya fremu na VD kwenye injini, umeshapata jibu la nusu ya maswali yako. Lakini herufi peke yake haitoshi, kwa kuwa toleo la pili la Le Mans, lililotoka 1978 likiwa na kikinga upepo chenye pembe na taa ya mstatili, nalo ni VE, na wako wanaolivua nguo zake na kulivisha za toleo la kwanza. Hapo mzee aliinama mbele ya gurudumu la mbele na kunionyesha kalipa za breki, yaani vibanio vya diski: kwenye toleo la kwanza hukaa mbele ya miguu ya shoki, kwenye la pili zilihamishiwa nyuma yake. Zetu zilikuwa mbele. Miguu ya shoki hubadilishwa, alikubali, ila anayebadilisha hiyo lazima awe ametumia fedha nyingi kukudanganya.

Ukaguzi wa namba ya fremu ndio ulionifanya nione kuwa fedha yangu haikupotea. Mzee aliipangusa sehemu ile kwa kitambaa chenye spiriti, akazima taa ya gereji, kisha akamulika tochi kutoka ubavuni, mwanga ukapita juu ya chuma kwa mlalo. Kwa mwanga wa mbele namba zote huonekana sawa. Kwa mwanga wa ubavuni kila mkwaruzo hutupa kivuli chake. Alikuwa akitafuta alama za tupa chini ya rangi, bonde dogo linaloonyesha kuwa chuma kilisagwa ili namba ya kwanza ifutwe, au tarakimu moja iliyosimama nje ya mstari wa wenzake. Baadaye aliweka karatasi nyembamba juu ya namba na kuisugua kwa penseli, akaipata nakala yake, na kuilinganisha na picha za pikipiki za mwaka huo huo alizozikusanya kwenye jalada lake kwa miaka mingi. Alitazama umbo la saba, umbo la moja, na mkia wa tisa. Alitafuta pia alama ya DGM iliyogongwa kwenye fremu, ambayo ni kibali cha serikali ya Italia kwa aina ile ya pikipiki. Kwa maneno yake, mlaghai hukumbuka namba na kuisahau hiyo. Fremu ikapita. Injini nayo ikapita.

Kwenye vipuri ndipo muuzaji alipoanza kutokwa na jasho. Tangazo lake lilisema kila kitu ni cha kiwandani. Kabureta zilikuwa sawa: ya kushoto imeandikwa PHF 36 BS na ya kulia PHF 36 BD, herufi za mwisho zikisimamia kushoto na kulia kwa Kiitaliano, na ni jambo dogo ambalo mtu anayeokoteza kabureta sokoni hulikosea kwa urahisi akafunga mbili za upande mmoja. Magurudumu ya aloi yalikuwa na maandishi ya FPS, jina la mtengenezaji wake, nayo ndiyo yanayotakiwa. Mfumo wa breki ulikuwa bado ule wa Guzzi, ambapo pedali ya mguu hubana diski ya nyuma pamoja na ya mbele kushoto, na mkono hubana ya mbele kulia tu. Wamiliki wengi waliutenganisha zamani kwa kutouamini. Taa ya nyuma ilikuwa ya duara kama za mwanzo. Kiti, hata hivyo, kilimchekesha mzee. Kiti cha awali kilikuwa cha povu la mpira lililomiminwa kipande kimoja, nacho kilijulikana kwa kupasuka mbele, panapokutana na tangi. Hiki hakikuwa na ufa hata mmoja, jambo ambalo muuzaji alilitaja kama sifa. Mzee akaandika kwenye daftari lake: kipya. Ekzosi zilikuwa nyeusi kama inavyopaswa, lakini hazikuwa na jina la Lafranconi, mtengenezaji wa ekzosi za awali, wala alama ya kibali popote, na kuungwa kwake kulikuwa kusafi mno kwa chuma cha umri ule.

Kisha akaomba maji. Diski za breki za Brembo za Le Mans zilikuwa za chuma cha kalibu, chenye kushika breki vizuri na kushika kutu haraka vilevile, tofauti na zile za chuma kisichoshika kutu zinazouzwa leo kama mbadala. Alizimwagia maji zote tatu, akatuambia twende tukanywe kahawa. Tuliporudi baada ya saa moja na kitu, diski mbili za mbele zilikuwa zimeota wekundu hafifu kama unga wa manjano uliolowa, na ya nyuma inang'aa kama sahani ya harusi. Hakuna aliyehitaji kusema neno. Nimewahi kulipia vipimo vya mashine ghali vilivyonieleza machache kuliko kikombe kile cha maji.

Suala lililotuchukulia muda mrefu zaidi, na ambalo mimi na mzee hatukuafikiana mwanzoni, ni silinda. Zilizotoka kiwandani zilikuwa zimepakwa kromu ndani, na kromu hiyo kadiri miaka inavyopita huanza kubanduka. Vipande vyake huchanganyika na oili na kuisaga injini polepole. Ndiyo maana wamiliki wengi walizing'oa na kufunga silinda na pistoni za Gilardoni, zenye mpako mgumu wa nikeli uitwao Nikasili, ambazo nazo hutoka Mandello del Lario kama pikipiki yenyewe. Pikipiki hii ilikuwa na risiti ya Gilardoni kwenye bahasha ya karatasi, na muuzaji hakuitaja kabisa, nadhani kwa kuogopa kwamba ingeharibu lile neno lake la kila kitu cha kiwandani. Mimi niliichukulia kuwa dosari. Mzee alipinga kwa ukali: alisema angeandika dosari kama angekuta kromu ya awali, kwa sababu hapo ningekuwa nanunua uhalisi wa kuweka sebuleni pamoja na bili ya kufungua injini. Nimelifikiria tangu siku hiyo na naona haki iko upande wake, ila ningependa ripoti yake itenganishe wazi kati ya kipuri kilichobadilishwa kwa busara na kipuri kilichobadilishwa kwa kukosa cha awali. Kwenye ripoti niliyopewa vyote vimepangwa safu moja.

Hapo ndipo penye malalamiko yangu. Ripoti ni kurasa nne zilizoandikwa kwa mkono, kwa Kiitaliano cha fundi, na ilinifikia baada ya siku kumi na sita, wakati ambapo muuzaji alikuwa ameshanipigia mara tatu kuniambia kuna mteja mwingine. Haina picha isipokuwa ile nakala ya penseli. Haisemi thamani. Na kubwa zaidi, injini haikufunguliwa, kwa hiyo ukubwa wa valvu, ambao ndio ushahidi wa mwisho kwamba vichwa ni vya Le Mans na si vya T3, ulibaki kuwa jambo la kuamini kutokana na namba na kabureta. Kwa haki, mzee alinionya hivyo kabla sijalipa, na hakuna muuzaji atakayekubali vichwa ving'olewe gerejini kwake kabla ya mauzo.

Kuna watakaosema kuwa ningesubiri tu daftari la pikipiki za kihistoria la shirikisho la mchezo huo Italia, FMI, ambalo huandikisha pikipiki zenye umri wa miaka 20 na zaidi na kutoa cheti cha umuhimu wa kihistoria. Cheti hicho nitakiomba, maana kina manufaa yake kwenye usajili na bima. Lakini maombi hutegemea picha na maelezo ya mwenye pikipiki, na hakuna picha itakayomwonyesha mtu diski inayokataa kutu. Hivi ni vitu viwili tofauti: kimoja humwambia afisa kwamba pikipiki inastahili kuitwa ya kihistoria, kingine kilinieleza mimi ninachokilipia.

Kwa huduma yenyewe natoa nyota nne kati ya tano. Iliyokatwa ni ya ripoti, si ya macho wala mikono ya mzee. Nilirudi kwa muuzaji na kurasa zile nne. Alisoma mbili za kwanza, akanyamaza, akapunguza bei kwa kiasi kilichorudisha gharama ya ukaguzi mara kadhaa, na kabla sijaondoka akatoa kutoka nyuma ya kabati ekzosi mbili zenye mibonyeo, zimeandikwa Lafranconi, ambazo muda wote huo zilikuwa zimefungwa kwenye gazeti. Kiti kipya nimekiacha kilipo. Diski ya nyuma bado naitafuta, na mwezi wa Septemba nitakwenda nayo ile inayong'aa kwenye soko la vipuri la Imola, nikiwa na chupa ya maji mkobani.