Swichi ya TV za gesti: usinunue isiyojua kuuliza

Picha ilikuwa inaganda baada ya dakika nne hivi. Ukibadilisha chaneli inarudi, zikipita dakika nne na ushee inaganda tena, vyumba vyote 18. Swichi, yaani kile kifaa cha kugawa mtandao kwenda kila TV, niliinunua mwenyewe Kariakoo kwa ajili ya gesti ya shemeji yangu, na muuzaji aliniapia kwamba "ina IGMP", yaani utaratibu wa TV kuomba chaneli kwenye mtandao. Kweli ilikuwa nayo, ila nusu.

Idadi ya porti na spidi mtasoma kwenye boksi. Mimi nina jambo moja tu. Chaneli ya multikasti, yaani inayotumwa mara moja kwa TV nyingi, haina orodha ya watazamaji. TV yenyewe ndiyo hujiandikisha kwenye kundi, yaani anwani kati ya 224.0.0.0 na 239.255.255.255. Kisha kwa kawaida kila sekunde 125 ruta huuliza mtandao mzima: nani bado anataka? TV hujibu, na swichi yenye snupingi hudukiza majibu ili ipeleke chaneli kwenye porti iliyojibu tu. Pasipo wa kuuliza (na yangu ilikuwa na snupingi tu), TV zinakaa kimya, na sekunde 260 zikiisha swichi inadhani watu wameshalala. Inakata. Nami nilishabadilisha kebo zote! Nilipozima snupingi ikawa balaa jingine: chaneli zote zilimwagwa kwenye kila porti, na porti za TV nyingi ni za megabiti 100 tu.

Kwa hiyo tafuta muulizaji, kwenye menyu huandikwa Querier.

Ya kwanza ni MikroTik, na sifichi kwamba naipendelea. CRS326-24G-2S+ ina porti 24 za gigabiti. Kwenye bridge (sehemu ya menyu inayounganisha porti zote) unawasha igmp-snooping na multicast-querier. Zote mbili huja zimezimwa, kwa hiyo usikimbilie kusema ni mbovu. Na kama ruta yako nayo inauliza, hazigombani: yenye anwani ndogo ya IP ndiyo inayobaki na kazi.

Ya pili, Cisco Catalyst 2960 ya mtumba. Amri yake ni ip igmp snooping querier. Modeli nyingi zina porti za megabiti 100, ambazo kwa TV zinatosha kabisa, lakini usije ukaunganisha seva ya chaneli humo. Hiyo ipeleke kwenye porti ya gigabiti pembeni.

TP-Link TL-SG108E ina snupingi, porti nane, bei nafuu. Ichukue kama kuna ruta inayouliza. Zile zisizo na menyu kabisa, achana nazo.

Hiyo yangu niliirudisha dukani, nikaambiwa boksi limeshafunguliwa. Sasa ningejuaje bila kufungua? Bei walinitajia kwa dola, na dola yenyewe waliipangia bei wao. Nikauliza muulizaji yuko wapi kwenye menyu, nikajibiwa kuhusu waranti.