Pleti za tripodi: usinunue inayoacha kamera ijizungushe

Wapiga picha wa harusi na ruracio (sherehe ya mahari ya Wakikuyu) wananilalamikia jambo moja: tripodi imesimama imara, lakini kamera inainama yenyewe. Kisha mtu anakimbilia kununua tripodi nyingine. Weka hela zako mfukoni kwanza. Miguu haina hatia. Chunguza pleti, kile kipande kinachofungwa chini ya kamera.

Mambo ya uzito inaobeba yameandikwa kwenye boksi, utajisomea. Mimi naangalia kama kamera inaweza kujizungusha juu ya pleti. Imeshikwa na skrubu moja tu ya robo inchi. Ukiilaza ubavu upige picha ya wima, lenzi nzito kama 24-70mm ya f/2.8 inavuta kuelekea chini. Ikilala upande mmoja, skrubu inajikaza. Upande wa pili inajilegeza polepole, mpaka bwana harusi anaonekana amesimama mteremkoni. Pleti bapa yenye raba laini haizuii hilo, hata uikaze mpaka vidole viume.

Chaguo langu la kwanza, na sifichi upendeleo, ni breketi ya L ya SmallRig iliyotengenezwa kwa ajili ya modeli ya kamera yako. Inashika chini na ubavuni, kwa hiyo unaichomoa kamera na kuirudisha ikiwa wima bila kulaza kichwa cha tripodi, na uzito unabaki katikati ya miguu. Kabla ya kulipa, fungua mlango wa betri na ugeuze skrini. Breketi zingine huziba vyote viwili.

Ya pili ni pleti ya mtindo wa Arca, ile inayobanwa pande mbili na kibano cha kichwa cha tripodi, yenye ukingo unaoegemea mgongo wa kamera. Ukingo wa milimita chache tu unashinda raba yoyote. Manfrotto 200PL naiweka ya tatu, kwa wale ambao kichwa cha tripodi yao tayari ni cha RC2, mfumo wa Manfrotto wenyewe wa kufunga pleti. Ukipata 200PL-PRO, hiyo inaingia hata kwenye vibano vya Arca.

Za bei ya chini ni sawa kwa simu na kamera ndogo. Basi.

Sasa wauzaji. Katika stoli moja pale Moi Avenue niliambiwa, "Madam, hizi zote zinaingia popote." Si kweli. Pleti za Arca zina upana wa karibu milimita 38, lakini kampuni hazipimi sawasawa. Kibano cha skrubu kinavumilia tofauti hiyo. Kile cha wenzo, unachokifunga kwa mkono mmoja, kinaweza kuacha pleti ya kampuni nyingine ikicheza. Halafu bei: jamaa aliitazama kwanza kamera iliyoning'inia begani mwangu, ndipo akataja. Aliyekuja nyuma yangu na simu tu mkononi akauziwa pleti ileile kwa bei ya chini. Na ukipoteza skrubu, hawakuuzii skrubu peke yake, sharti ununue pleti nzima.

Kwa hiyo usilipe mpaka muuzaji afunge kamera yako kwenye tripodi palepale kaunta, ailaze ubavu, kisha wewe mwenyewe usukume ncha ya lenzi kwa kidole, juu na chini. Ikisogea hata kidogo, irudishe. Akinuna, stoli ya jirani inauza vitu hivyohivyo.