Fundi kapanua nozeli, gesi inakwisha mbio

Nilipoanza kuandika nilitaka kumpa fundi huyu nyota tatu kati ya tano, maana jiko aliloitiwa linawaka. Linawaka, ndiyo. Shida ni jinsi linavyowaka.

Tatizo lenyewe lilikuwa dogo. Plate moja ya jiko la gesi ilikuwa na moto dhaifu, nyingine iko sawa. Ukiona hivyo, usihangaike na mtungi wala regulata, kwa sababu zote mbili zinalisha pande zote. Ama nozeli ya upande ule, yaani kile kipande cha shaba chenye kitundu cha kutolea gesi, imeziba kwa mafuta na vumbi, au matundu ya kichwa cha jiko yamejaa uchafu. Ni kazi ya nusu saa. Fundi akang'oa kichwa, akatoa sindano ya kushonea, akaichomeka kwenye nozeli na kuanza kuizungusha kama anayetoboa sikio. Nikamwambia, fundi, sindano ni chuma na hiyo nozeli ni shaba njano, utaila. Hakuinua hata uso: "Mama, wewe pika. Mambo ya gesi tuachie sisi."

Basi nimpe jibu hapa, kwa kuwa pale hakutaka kusikia.

Kwenye nozeli pameandikwa namba. Ikiwa 70, tundu ni milimita 0.70. Gesi inayopita hufuata eneo la tundu, kwa hiyo ukilipanua mpaka 0.85, tofauti ambayo jicho halioni, gesi inaongezeka kwa karibu asilimia 47. Na si kwamba utapika haraka kwa kiasi hicho. Gesi ikichomoka kwenye nozeli ndiyo inayovuta hewa kupitia kijidirisha kilicho nyuma ya kichwa. Ujazo mmoja wa propani unahitaji ujazo 24 hivi wa hewa ili uungue wote, na butani inataka zaidi, kama 31. Tundu likipanuka, gesi inaizidi hewa. Moto unakuwa wa njano, ndimi zinapanda mbavuni mwa sufuria badala ya kukaa chini yake, na kaboni isiyoungua inaganda kwenye kitako kama masizi. Nyingine inatoka ikiwa monoksidi ya kaboni, isiyo na rangi wala harufu, ndani ya chumba chenye watu. Unalipia gesi ili uipake kwenye sufuria!

Kwa haki yake, nilifikiri labda amesahau tu kijidirisha cha hewa kikiwa kimefungwa. Nilikifungua chote. Moto ukarudi bluu chini, ncha zikabaki njano. Nikaichomoa nozeli na kuielekeza kwenye mwanga: tundu halikuwa duara tena, lilikuwa na umbo la yai. Likifika hapo halitengenezeki. Unanunua nozeli nyingine yenye namba ileile, na iwe ya aina ya gesi yako, kwani ya gesi ya bomba ina tundu kubwa zaidi.

Kusafisha kunakofaa ni hivi. Funga valvu ya mtungi, washa plate ili gesi iliyobaki kwenye mpira iishe, acha kichwa kipoe. Fungua nozeli kwa spana, mara nyingi namba 7, uiloweke kwenye maji ya moto yenye sabuni ya vyombo. Kisha chomoa unyuzi mmoja tu wa shaba nyekundu kutoka waya laini wa umeme, upitishe tunduni. Ni mwembamba, kama milimita 0.2, na ni laini kuliko nozeli, hauikwaruzi. Puliza kwa pampu ya baiskeli kutoka nyuma. Kausha kabisa, kichwa pia. Unaporudisha, anza kukaza kwa vidole, la sivyo utaharibu nyuzi za skrubu yake.

Kujua kama unapoteza gesi, pima mtungi kwa mizani. Uzito wake mtupu umegongwa kwenye shingo au mkono wa mtungi. Kilo moja ya gesi ina nishati ya karibu uniti 12.8 za umeme, na kwenye jiko zuri nusu hivi ndiyo inayoingia sufuriani. Lita 2 za maji ya nyuzi 25 kufika kuchemka ni gramu 27 hivi, sufuria ikiwa na mfuniko. Chemsha mara kumi ndani ya wiki, ujumlishe uzito uliopungua: gramu 270 ni sawa, 400 kuna ugonjwa.

Alichofanya vizuri ni mpira. Ule wa zamani ulikuwa na nyufa karibu na regulata, akaukata, akaweka mpya, akausukuma mpaka ukavuka migongo yote ya mdomo wa regulata kabla ya kukaza klampu. Kazi safi, na kwa hiyo nikasema basi, nyota mbili.

Halafu nikakumbuka alivyopima kama unavuja. Aliwasha kiberiti, akakipitisha taratibu kuzunguka klampu, uso wake na wangu vikiwa hapohapo. Sabuni ya vyombo ilikuwa kwenye sinki, hatua moja kutoka alipopiga magoti. Povu kidogo, ukiona mapovu yanavimba unajua. Hizo nyota mbili naziondoa.