Kibali cha Muda au Leseni Kamili kwa Kituo cha Ardhini

Nchini Marekani, kituo cha ardhini kinachotaka kutuma amri kwa setilaiti iliyotoka tu kurushwa hupata ruhusa ya FCC, tume ya serikali inayosimamia mawasiliano, kwa njia mbili. Leseni kamili kwa kawaida hudumu miaka 15, nayo humfaa mwenye wateja wa kila mwezi. Kibali cha muda huombwa angalau siku 3 za kazi kabla ya kuanza kutuma, hakizidi siku 180, na mwombaji hutakiwa kueleza hali ya pekee inayomlazimu; tarehe aliyoahidiwa mteja, hata ikiandikwa kwa wino mwekundu, si sababu inayotosha. Kwa urushaji mmoja ningechagua kibali, nikiomba siku za ziada, kwa kuwa roketi huahirishwa mara nyingi.