Vilengeo vya usiku kwenye bastola: uliza mwaka kabla ya kuuliza bei

Malalamiko ya wasomaji yanafanana. Mtu kanunua vilengeo vya usiku, vile vyenye nukta zinazong'aa gizani, kwa pesa nzito, kafungiwa, jioni ile vinawaka kama macho ya paka. Saa nane za usiku mbwa wanabweka, anavuta droo, haoni kitu. Akirudi dukani anaambiwa mali ilikuwa mpya, hata boksi lilikuwa halijafunguliwa. Na ni kweli halikuwa limefunguliwa. Lilikuwa tu limekaa rafuni miaka mingi.

Kwanza tukubaliane vinafanya kazi gani, maana wengi wananunua kwa matarajio ambayo si yake. Kilengeo cha usiku hakimmuliki mtu aliye mbele yako. Kinakuonyesha bastola yako inaelekea wapi, basi. Giza likiwa totoro utaona nukta tatu nzuri za kijani na nyuma yake weusi mtupu, na humo kwenye weusi anaweza kuwa mwizi au mtoto wa shemeji aliyeamka kwenda chooni. Ukiwasha tochi, vilengeo vinageuka kivuli cheusi juu ya ukuta wenye mwanga, na vilengeo vya kawaida vilivyokuja na bastola vinatosha kabisa kwa kazi hiyo. Kwa hiyo kama huna tochi nzuri ya mkononi, funga ukurasa huu ukanunue tochi.

Vinapolipa ni kwenye nusu giza: mtu unamwona na umemtambua, lakini kijiti cheusi cha kilengeo chako kinazama kwenye shati lake. Dodoma nusu giza hiyo iko tele. Jua likishazama linafuatwa na giza ndani ya nusu saa hivi, na mfanyabiashara wa mahindi anayefunga hesabu Kibaigwa jioni, au mwenye duka Majengo anayeshusha shata, anatembea na pesa wakati huohuo. Kuna taa ya bodaboda, kuna balbu ya jirani, umeme ukikatika kuna mbalamwezi. Anayeishi hivyo vitamfaa. Ambaye bastola yake inalala kwenye sefu na kutoka mchana tu, aweke pesa yake kwenye risasi za mazoezi.

Sasa mwaka. Kinachowaka ndani ni tritiamu, gesi ya haidrojeni yenye mionzi hafifu, iliyofungiwa kwenye kijichupa cha kioo kilichopakwa unga unaong'aa ukipigwa na mionzi hiyo. Hakina betri, hakihitaji kuchajiwa, na hakizimiki. Lakini gesi hiyo inapungua yenyewe: kila baada ya miaka 12.3 inabaki nusu. Kilichotengenezwa miaka 6 iliyopita kina kama asilimia 71 ya gesi yake ya mwanzo. Miaka 9, asilimia 60. Miaka 18, asilimia 36. Na huo unga nao unachoka, kwa hiyo mwanga halisi unaoupata ni pungufu ya hesabu hiyo. Haijalishi kama kilifungwa kwenye bastola au kilikaa ndani ya boksi. Saa inahesabu tangu kiwandani.

Kinachoficha ubovu huu ni rangi. Vilengeo vingi vizuri vina duara la rangi kuzunguka kijichupa, na rangi hiyo hunywa mwanga na kuutoa gizani kwa muda. Muuzaji anajua. Anawasha tochi ya simu, anamulika sekunde tano, anafunika kwa kiganja, anakwambia chungulia. Unachungulia, unaona duara linang'aa, unatoa pesa. Umepigwa changa la macho. Ulichokiona ni rangi iliyoshiba mwanga wa simu. Tritiamu iliyo katikati inaweza kuwa imekwisha kitambo na usijue.

Pima hivi. Mwambie akupeleke stoo au chumba chochote kisicho na dirisha, taa izimwe, simu zikae mfukoni. Kaeni dakika 15, macho yazoee giza. Ndipo boksi lifunguliwe humohumo gizani, kabla rangi haijanywa chochote. Nukta ya kijani ikionekana wazi ukinyoosha mkono, iko hai. Ukilazimika kukisogeza karibu na uso ndipo uone, acha. Kwa bastola iliyotumika yenye vilengeo tayari, iache kwenye sefu usiku kucha halafu uangalie kabla ya mapambazuko bila kuwasha taa. Tarehe itafute kwenye boksi na ubavuni mwa kilengeo chenyewe. Isipoonekana kotekote, na muuzaji naye anababaika, unauziwa mbuzi kwenye gunia.

Nikiulizwa ninunue kipi, nafasi ya kwanza naipa Trijicon HD XR, na sifichi mapenzi. Mbele kuna duara pana la rangi ya chungwa au njano linaloonekana mchana wa jua la kiangazi, na tritiamu ya kijani katikati. Nyuma nukta zipo lakini hazina maduara meupe, kwa hiyo jicho haliko sokoni likichagua. Linakwenda mbele lenyewe. Pengo la nyuma ni la umbo la U na ni pana, kijiti cha mbele ni chembamba, kwa hiyo mwanga unapita pande zote mbili na unaona haraka kama umepinda. Vijichupa vimefunikwa kwa kito cha safiri, jambo linalosaidia kwenye vumbi letu linalokwangua kila kitu. Kati ya rangi mbili za duara, chukua chungwa kama unaishi kwenye mwanga mwingi, njano kama macho yako yanapata shida na nyekundu.

Ya pili: tritiamu mbele peke yake, nyuma chuma cheusi kisicho na kitu. Ameriglo wanazo za namna hii na ni rahisi kidogo. Wapo watakaoshangaa kuziona juu hivi. Sababu ni kwamba nukta tatu za rangi moja zina kasoro ya kuchanganya: gizani, mkono ukiwa umepinda, nukta ya mbele inaweza kuhamia nje ya zile mbili za nyuma na bado ukaona nukta tatu zilizojipanga vizuri. Ukaamini umelenga. Kosa hilo halitokei kukiwa na nukta moja.

Ya tatu ndiyo zile za nukta tatu za kijani, kama Meprolight. Ni imara na zinadumu. Tafuta seti yenye nyuma rangi nyingine, njano au chungwa, maana jicho linaona kijani kuliko rangi zote gizani na hizo nyingine zitafifia zenyewe. Ukikosa, paka rangi nyeusi ya kucha kwenye maduara meupe ya nyuma. Ni kazi ya dakika mbili kwa kijiti cha kiberiti.

Zenye nyuzi za faiba, vile vijiti vya plastiki vinavyokusanya mwanga wa nje, bila tritiamu ni za mchana, ziacheni. Zile zinazoitwa za usiku kumbe ni rangi tupu, hata senti moja msitoe.

Na kama una bastola ya zamani ya urithi, Makarov au Walther PP, pumzika: kijiti cha mbele kimechongwa pamoja na slaidi, kile chuma cha juu kinachovutwa nyuma, hakuna cha kubadilisha. Safisha mafuta kwa spiriti, paka tabaka la rangi nyeupe ya kucha, likikauka weka chungwa juu yake. Umemaliza.

Bei ndiyo inayokera. Marekani seti ya kampuni zinazoaminika inazunguka dola 80 hadi 160. Ikifika hapa imeongezwa kila kitu isipokuwa tarehe. Halafu anatokea mjanja na "kuna ndugu anakuja wiki ijayo, atakubebea kwenye begi." Msikubali. Hicho ni kipuri cha silaha na pia ni chanzo cha mionzi. Vyanzo vya mionzi haviingizwi nchini bila kibali cha Tume ya Nguvu za Atomiki, na silaha zina Sheria yake ya mwaka 2015. Wauzaji wengi wa mtandaoni huko Marekani hawasafirishi vipuri vya silaha nje. Mpitie muuzaji mwenye leseni, mdai karatasi, mdai mwaka. Akikukunjia uso kwa kuuliza mwaka, ujue jibu.

Kufunga: toa magazini, vuta slaidi, tazama chemba, pale risasi inapokaa, kisha ingiza kidole kuthibitisha. Fundi awe mwenye leseni, na ukae hapohapo hadi amalize. Kwenye Glock kilengeo cha mbele kinashikwa na skrubu ya pembe sita kutoka chini ya slaidi, inayotaka spana ya bomba jembamba la inchi 3/16. Bomba nene haliingii na likilazimishwa linakwangua. Weka tone moja la gundi ya bluu ya kuzuia skrubu isilegee na kaza kwa vidole, usitumie nguvu ya mkono mzima. Cha nyuma kisukumwe kwa jeki ya vilengeo, kifaa cha skrubu kinachosukuma polepole. Ukimwona fundi anachukua nyundo na pini ya chuma, chukua bastola yako uondoke, kwa sababu kijichupa ni kioo na kikipasuka hakitengenezeki. Kikipasuka ndani ya chumba, fungueni madirisha, tokeni kwa muda, msikishike kwa mkono mtupu. Kilengeo kikigoma kuingia, tupa ya chuma inapita kwenye kitako cha kilengeo, kamwe si kwenye slaidi. Baadaye usikisafishe kwa petroli wala thina, vitakula rangi na gundi. Kitambaa laini na maji ya sabuni vinatosha.

Kisha kalenge upya uwanjani kwa risasi unazobeba, tano tano, mita 15. Kwenye bastola ya ukubwa wa Glock 19 umbali kati ya vilengeo viwili ni milimita 150 hivi, kwa hiyo milimita 1 ya kosa inakuwa sentimita 10 kwenye shabaha. Risasi zikienda kushoto, kilengeo cha nyuma sukuma kulia. Zikienda juu, kijiti cha mbele ni kifupi mno. Rudisha, omba kirefu zaidi, na uangalie tena tarehe ya hicho kipya.